Aliyeiokota Kamera

Nilikwenda kwenye msiba wa Athumani ingawa sijamsamehe, na sitaki mtu aniambie kwamba mtu akishafunikwa udongo basi na maneno yake yamefunikwa naye. Niliingia nyumbani kwake hapa Korogwe kwa mlango wa uani, nikapewa kisu na beseni la vitunguu kama wanawake wengine, nikakaa kwenye jamvi nikiwa nimegeuza sikio la kulia waliko wasemaji, maana la kushoto halisikii, na sababu yake nitaieleza. Wanaume walikuwa kwenye maturubai wanamsifu marehemu. Walisifu sauti yake. Mmoja alisema Athumani alizungumza Kihindi, Kichina na Kizungu bila kujua hata kimoja, watu wakacheka kile kicheko cha msibani kinachofunikwa na kiganja. Mwingine akasema, "Hata bubu wa kwenye filamu, Athumani alimpa maneno." Wakacheka tena. Mama mmoja aliyekuwa anachambua mchele pembeni yangu akanigusa goti, akasema, "Pole dada, vitunguu hivi vikali." Nikamwambia ndiyo, ni vikali. Sikumwambia kwamba ninamfahamu mtu ambaye Athumani alimnyang'anya maneno, wala kwamba nilikuwa nimefuata pale kitu kimoja tu, mkanda wa video, na sikuwa na hakika kama bado upo.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao kila mtu alikuwa ameruhusiwa kuuza kila kitu. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamepata wenyewe wapya, maghala ya ushirika yamebaki na popo watupu, na mitumba imejaa mpaka kwenye ngazi za maduka. Mimi nilikuwa msichana wa kupika chai na maandazi kwenye kibanda kilichoegemea ukumbi wa video wa Seif. Seif ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu ya nisiowasamehe, nitamtaja kwa jina lake kwa sababu yupo hai, ana duka la madishi ya televisheni na anapokea shikamoo za watu. Ukumbi wake ulikuwa chumba kirefu cha bati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mchana uwe giza, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, na mbele kabisa televisheni iliyofungiwa ndani ya kizimba cha nondo kama kuku wa thamani. Kati ya jiko langu na ukumbi kulikuwa na tundu la kupitishia vikombe. Nilisoma mpaka darasa la nne, lakini kupitia tundu lile niliona filamu nyingi kuliko walimu wote wa wilaya. Na kando ya kizimba alikaa Athumani na kipaza sauti chake. Kazi yake ilikuwa hivi: watu wa kwenye filamu wakianza kuongea, mkono wa kushoto unashusha sauti ya televisheni mpaka chini, mdomo unasema kinachofaa, wakinyamaza wakaanza kupigana, mkono unapandisha. Alikuwa hodari, sikatai. Lakini ukimsikiliza kila siku unagundua kwamba watu wote wa duniani walikuwa wanaongea kama Athumani.

Ndipo ikaja ile filamu iliyotuvuruga. Haikuwa na steringi, yule shujaa wa filamu asiyeshindwa. Ilikuwa ya vijana wa Kizungu wamebeba kamera yao wenyewe, wanaingia kwenye nyumba ya shamba iliyohamwa, na sisi tunaona kile tu inachoona kamera yao. Picha inatikisika, inaonyesha viatu, inaonyesha ukuta, inaonyesha pua ya mtu. Mwanzoni watu walizomea. "Seif, umetuwekea harusi ya nani hii?" Na kweli ilifanana na mikanda ya harusi zetu, mpiga picha anakimbilia sahani ya wali anasahau bibi harusi. Lakini hapo ndipo ilipokuwa na nguvu, na nimefikiria jambo hili miaka mingi kuliko wanaolipwa kulifikiria. Filamu nyingine ina muziki, muziki unakwambia sasa ogopa. Hii haikuwa na muziki, ilikuwa na pumzi za mtu tu. Filamu nyingine ina sura unazozijua, mtu akifa leo kesho unamwona kwenye filamu nyingine anaoa. Hawa hatukuwajua, kwa hiyo wakifa wamekufa. Na lile lililokuwa linawafuata halikuonekana hata mara moja. Unasikia mlango, unaona nyasi zinalala, basi. Kila aliyekaa kwenye benchi akawa anatia sura yake mwenyewe mahali palipoachwa wazi. Dereva wa trekta, mtu mzima mwenye ndevu, alitoka nje akaja kwenye tundu langu akasema, "Mwanangu, nipe chai, weka sukari nyingi." Nikamuuliza ameona nini. Akasema, "Sijaona kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Udhaifu wake nao ulionekana, tena na watu wasiojua kusoma. Waliokuwa wanakunywa chai kwangu walibishana kama wako kijiweni kwenye mpira. "Wewe, shetani anakukimbiza, bado umeshika kamera?" "Ndiyo kazi yake." "Kazi gani? Mwenzake ameanguka shimoni, yeye anammulika taa usoni badala ya kumpa mkono." Huyu alisema kweli, na neno lake limenikaa. Filamu ya namna ile haiwezi kuendelea kama mwenye kamera ana huruma. Siku atakapoiweka chini amsaidie mwenzake, filamu imekwisha. Wengine walilalamika kizunguzungu. Wengine walisema nusu nzima ni kutembea na kugombania njia. Na ukiiangalia mara ya pili imekufa, kama kitendawili ambacho jibu lake unalo. Lakini swali kubwa aliuliza fundi baiskeli mmoja, mtu mpole. Mwisho wa filamu kamera inaanguka, inabaki inaangalia majani, kwisha. Akauliza kwa sauti, wote tukasikia: "Sasa hii kamera nani aliiokota?" Wazungu wa filamu hawakusema. Athumani, ambaye hakuweza kuacha swali bila kulijibu, akasema kwenye kipaza sauti, "Waliiokota wachoma mkaa. Huko huko Handeni." Watu wakageuka kumtazama. Walijua kwamba nyumba ile ni ya Wazungu, majani yale si yetu, miti ile si yetu. Lakini alivyosema Handeni, ikawa Handeni. Seif alikuwa amesimama mlangoni. Niliona uso wake ukitulia, kama mtu aliyepata njia.

Sasa nimtaje Mama Mkubwa. Aliitwa Mwantumu, alikaa Kwaluguru, huko Handeni, na alikuwa mfinyanzi. Kila niliposhuka kwake nilikuta chumba kile kile: kitanda cha kamba, mkeka, kona ya udongo uliofunikwa matambara mabichi, na harufu ya mvua hata wakati wa kiangazi. Tulikula bada, ugali wa muhogo, na mlenda, na alinipa chungu nikombe, ingawa nilikuwa msichana mkubwa. Uani kwake vyungu vibichi alivikausha kifudifudi, kila kimoja juu ya kigingi chake, kwa sababu alisema chombo kikilala mdomo juu kinameza kila kinachopita. Chochote chenye mdomo alikifudikiza: kikombe, ndoo, hata kiatu cha mgeni. Na alikuwa na mwiko mmoja alioupata kwa waliomfundisha. Vyungu havikuchomwa nyumbani. Alivibeba hadi korongoni, mbali na njia, akavipanga, akavifunika kuni na majani, akawasha, na tangu moto unaposhika hadi unapolala hakufungua mdomo. Hata ungemwamkia, hata ungemwambia nyumba inaungua. Chungu kikiwa motoni kikisikia neno kinapasuka, ndivyo walivyoamini wafinyanzi wa kwetu. Wanakijiji wa Kwaluguru walilijua hilo tangu zamani. Wakimkuta korongoni hupita kando, wakamwamkia jioni. Moto ukilala, yeye mwenyewe alianza kuwalipa watu salamu zao, mmoja mmoja: "Wewe ulinipita asubuhi, marahaba. Na wewe, marahaba mwanangu." Watoto walicheka. Hakuna aliyeogopa.

Gabrieli ndiye wa pili kwenye orodha yangu. Alikuwa mpiga picha za video za harusi, anafanya kazi kwa Seif, ana ile kamera kubwa ya kuweka begani. Alitumwa Handeni kupiga harusi, na akatumwa na Seif atafute pia chochote cha kutisha, kwa sababu watu walikuwa wanarudi kila siku kuuliza kama wachoma mkaa wa Handeni wameokota mkanda mwingine. Akiwa njiani akaona moshi korongoni, akaona mwanamke peke yake anauzunguka moto, hasemi. Akajificha kwenye vichaka akaanza kupiga, akimwamkia kutoka humo humo. Hayo aliyasema mwenyewe baadaye kwenye jiko langu, anatafuna andazi, kabla hajajua yule ni nani kwangu.

Walikwenda kuuonyesha mkanda ule kule kule Handeni, siku ya gulio, ndani ya ghala la ushirika lililokufa. Seif alipeleka jenereta na televisheni kwa gari dogo, na mimi na sinia zangu za maandazi nikapandishwa nyuma. Gulioni walizunguka na spika: mkanda ulioachwa na mtu aliyepotea, umeokotwa msituni, mwenyewe hajulikani aliko. Mwenyewe, Gabrieli, alikuwa amekaa nyuma ya ghala anakula mishikaki. Watu wakajaa, Wazigua, Wasambaa walioleta mboga, Wamasai wawili watatu wamesimama na fimbo zao. Picha ikaanza. Majani, pumzi, moshi. Halafu mgongo. Mimi mgongo ule niliujua kabla sijaujua uso wa mtu mwingine yeyote hapa duniani, kwa sababu nililelewa juu yake. Mkono wa Athumani ukashusha sauti ya televisheni mpaka chini. Akasema, "Mnamwona? Amesimama na moto wa watu. Anaamkiwa, haitikii. Binadamu gani haitikii salamu?" Nikasema kwa nguvu, "Huyo ni mama yangu mkubwa. Ni mfinyanzi, anachoma vyungu." Kijana mmoja akanivuta gauni, "Kaa chini dada, unatuzibia." Nikasema tena. Athumani akaninyooshea kidole, akasema kwenye kipaza sauti, "Mpeni maji huyo, kashalogwa tayari." Ghala zima likacheka. Halafu kwenye picha mama akageuka, na kamera ikaanza kukimbia, mbingu, miguu, majani, na Athumani akawa anahema kwenye kipaza sauti, "Anatukimbiza, anatukimbiza, mama nakufa." Kamera ikaanguka ikatazama nyasi. Hapo Seif akabonyeza deki, giza. Hakuna aliyezomea. Walitoka kimya, na kimya kile kilikuwa na sura sasa.

Na hili ndilo lililonishinda kuelewa hadi leo. Mama Mkubwa hakuwa Mchina, hakuwa Mhindi. Aliongea Kiswahili na Kizigua, lugha za kila mtu mle ghalani. Filamu ya mtu wa Kwaluguru inatafsiriwa nini kwa watu wa Kwaluguru? Wangeiacha sauti tu. Lakini ilikuwa ndiyo namna ya kazi yetu, televisheni ikiwaka sauti inashushwa na Athumani anazungumza, na watu walikuwa wamezoea kwamba anayeonekana hana lake la kusema mpaka mwingine alisemee. Na wale wale waliompita korongoni miaka yote bila woga, walipomwona kwenye kioo, picha inatikisika, pumzi zinahemwa, wakasahau walichokijua wakaamini walichoonyeshwa.

Wa nne ni Mkomwa, balozi wa nyumba kumi pale Kwaluguru. Seif wa kwanza, Gabrieli wa pili, Athumani wa tatu, Mkomwa wa nne, na huyu ndiye aliyeita kikao. Nilikuwa nimebaki Kwaluguru tangu gulio, sikurudi Korogwe. Waliotoka kikaoni walikuja alasiri. Mama Mkubwa alikuwa ameketi mlangoni anakanda udongo, akawaamkia, akanyanyuka kutafuta vigoda. Mkomwa akasema, "Hatukuja kukaa." Akamuuliza kwa nini alimfukuza kijana wa watu korongoni. Mama akasema, "Sikumfukuza, baba. Moto ulipolala nilimjibu. Nikamkaribisha chakula, akakimbia. Nikamwokotea na mashine yake, nikaiweka mahali pazuri, kesho yake nikakuta ameshaichukua." Mkomwa akasema, "Tumeona kwa macho yetu." Mama akasema, "Mliona. Mlisikia?" Mtu mmoja nyuma akasema, "Mchawi ana maneno." Jiwe la kwanza lilipiga chungu kwenye kigingi. Nilidhani wataishia kwenye vyungu, maana walivipiga kama watoto wanavyopiga maembe, kwa shabaha, wakihesabiana. Halafu wakalitia paa moto. Nilimfunika Mama kwa mwili wangu, na jiwe lililokuwa lake likanipata mimi hapa, nyuma ya sikio. Nilichosikia kwa sikio lile mara ya mwisho ni yeye anasema, "Mwanangu yumo humu, jamani, mwanangu yumo humu."

Tulihamia Makuyuni kwa ndugu wa mbali aliyetupa chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya mahindi. Hakufinyanga tena. Nilimletea udongo wa mtoni, akauminya, akauacha. Alisema udongo si mbaya, ila hawajuani. Kitu alichokifanya kutwa ni kukaa barazani na kuitikia. Mtu akipita, hajafungua mdomo, Mama anasema, "Marahaba. Marahaba baba. Marahaba mwanangu." Anamwitikia mwenye baiskeli, anaitikia watoto wa shule, anainuka anatoka hadi barabarani kumwitikia mtu aliyekwisha pita asije akasema hakuitikiwa. Wapo waliocheka. Mimi nilimwambia, "Mama, hawajakuamkia." Akasema, "Je, kama wameamkia sijasikia?" Alifariki kabla ya mvua za vuli, akiwa ameketi, na hakuna picha yake hata moja duniani, ya kitambulisho wala ya harusi, ila ile ya kwenye mkanda. Seif alipeleka mkanda ule kila gulio mpaka ukawachosha watu, kisha kanda za video zenyewe zikapitwa, akafunga ukumbi, akamgawia Athumani kanda zote kama ndizo kiinua mgongo chake. Gabrieli alihamia Dar, nasikia anapiga harusi za wakubwa. Mkomwa alifia kitandani kwake, kazungukwa na wanawe.

Kwa hiyo msiba ulipokwisha nilirudi kwa mjane wa Athumani, mama mnyenyekevu ambaye sina ugomvi naye. Nikamwambia ninatafuta kanda. Akasema, "Ziko uvunguni, dada. Chukua zote, mimi nataka kupumua." Nilipekua nikiwa nimepiga magoti, vumbi mpaka kooni, nikaupata, umeandikwa kwa mkono wa Seif, MCHAWI WA HANDENI. Karibu na stendi kuna mwanamke ana kiduka cha kuhamisha kanda za zamani kwenye flashi. Akaufuta ukungu kwa pamba na spiriti, taratibu, akauingiza kwenye deki, akaniuliza, "Harusi?" Nikasema hapana. Nikamwomba apandishe sauti mpaka mwisho, nikageuza sikio langu zima.

Majani, pumzi, moshi. Sauti ya Gabrieli, ndogo, kijana kabisa: "Shikamoo mama." Moto unalia. "Shikamoo mama." Mgongo unazunguka na fimbo ya kuchokolea. Kwa muda mrefu ni moto tu, mpaka ukalala, na yule mwanamke wa kiduka akaanza kuangalia simu yake. Kisha mgongo ukageuka, na kamera ikaanza kukimbia, mbingu, miguu, na nyuma ya kukimbia kule, wazi kabisa, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Makuyuni: "Marahaba, baba. Nisamehe, vyungu vilikuwa motoni. Mbona unakimbia? Chakula kipo." Kamera ikaanguka. Nyasi. Hapa ndipo Seif alipokuwa akibonyeza, lakini mkanda haukuwa umeisha. Mwanamke wa kiduka aliacha simu. Nyasi zikatulia, kukawa na nzi anayepita, kukawa na hatua. Miguu miwili ya udongo mkavu ikasimama. Kisha picha yote ikainuka, ikapinduka, na uso wa Mama Mkubwa ukajaa kwenye kioo, karibu kiasi cha kuona jivu kwenye kope zake, anaitazama kamera kama anavyotazama chungu kuona kama kina ufa. Akaipuliza mchanga. Akaifuta kwa ncha ya kanga. Akasema peke yake, "Kitu cha watu hiki."

Alitembea nayo. Aliifikisha njiani, penye kisiki, na akafanya kama alivyofanya kwa kila chenye mdomo, akaifudikiza. Kioo kikawa cheusi. Mwanamke wa kiduka akanyoosha mkono azime, nikamshika mkono. Katika weusi ule alikuwa bado anaita, anageukia huku na huku, sauti inakwenda mbali inarudi: "Baba. Mashine yako iko hapa. Wewe mtoto wa nani? Rudi ule."